Punda, ngozi na mtungi wa maji: hoja zinazorudi kila msimu wa siasa

Uzi wa leo ni wa punda. Najua, wengine mmeshaanza kucheka. Kila nikitaja mnyama hapa kuna mtu huleta picha na jina la kiongozi asiyempenda. Leo pumzikeni kidogo. Sheria ya ukurasa ni ile ile: hakuna chama, hakuna jina la mwanasiasa, tunachambua hoja tu.

Kwa nini punda? Wiki iliyopita kwenye mkutano mmoja wa hadhara jamaa alishika maikrofoni akasema, "Hawa watu wanapenda punda kuliko vijana wenye hawana kazi." Umati ukapiga makofi. Mwingine akamjibu kwamba anayetaka punda wachinjwe amenunuliwa na wageni. Makofi pia. Nikaona kumbe watu wale wale wamepigia makofi pande zote mbili, na hakuna aliyeeleza ngozi ya punda inaenda wapi na nani analipia.

Niseme mapema kwamba kwangu hii si mada ya darasani tu. Punda wa Susu yangu aliibwa 2018. Mwaka huo huo karo yangu ya kidato cha kwanza ililipwa na mjomba, mtoto wa huyo huyo Susu, aliyekuwa kibarua kwenye kichinjio cha punda. Kichinjio chenyewe sitakitaja. Sina ushahidi kwamba punda wetu alifika huko na sitasema alifika. Lakini mnaelewa mezani kulikuwaje Krismasi hiyo.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Inaitwa ejiao. Ngozi ya punda huchemshwa mpaka itoe jelatini, ikakaushwa iwe vipande vyeusi vigumu. Uchina imetumika kwa karne nyingi kama dawa ya asili, hasa ya kuongeza damu, na zamani ilikuwa ya wakubwa na watu wa ikulu. Siku hizi iko kwenye vitafunio, vinywaji na vitu vya urembo. Watu wa kipato cha kati waliongezeka, matangazo yakaongezeka, na mahitaji yakapanda. Wakati huo punda wa Uchina wenyewe walikuwa wanapungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa karibu milioni 11, leo hawafiki milioni 3, maana trekta na lori zilichukua kazi yao na ngozi zikamaliza waliobaki. Wanunuzi wakageukia Afrika, Asia ya Kati na Amerika Kusini. Shirika la The Donkey Sanctuary linakadiria kwamba biashara hii inahitaji karibu ngozi milioni 5.9 kwa mwaka, dunia nzima.

Tafadhali, hapa mtu asilete matusi ya kikabila dhidi ya Wachina. Mama anayenunua ejiao kule hajui kuna mtu anaitwa Susu, na Susu hajui kuna ejiao. Ndivyo bidhaa nyingi zilivyo. Anayenunua na anayeumia hawaonani, na katikati kuna watu wanaoona pande zote mbili na hawana sababu ya kuwaambia.

Kenya iliingiaje? Kuanzia 2016 vichinjio vya kuuza nje vilipewa leseni, vikafika vinne: Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Hakuna nchi nyingine Afrika iliyokuwa na vichinjio vingi hivyo vyenye leseni kwa biashara hii. Mwanzoni ilionekana baraka tupu. Punda ambaye watu walikuwa wanamuona kama mzigo sasa alikuwa na bei.

Mwaka 2019 taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ikatoa ripoti. Kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 vichinjio hivyo vilichinja punda zaidi ya 300,000, karibu asilimia 15 ya punda wote nchini. Ripoti ilisema wanachinjwa kwa kasi karibu mara tano kuliko wanavyozaliana, na kwamba kasi hiyo ikiendelea, kufikia 2023 wangeweza kuisha.

Hapo ndipo kuna hoja mnayoisikia sana: "Walituambia punda wataisha 2023. Wako wapi? Si wako tu barabarani? Watafiti waongo." Pole, hiyo si hoja. Ukimwambia dereva "ukiendelea na mwendo huu utaanguka" halafu akakanyaga breki, hukuwa unadanganya. Februari 2020 breki ilikanyagwa, nitafika hapo. Lakini upande wa pili pia wana lao. Wanapenda kusema sensa ya 2009 ilihesabu punda karibu milioni 1.8 na ya 2019 karibu milioni 1.2, "kwa hivyo vichinjio vimekula laki sita." Hapana. Hesabu mbili zenye miaka kumi katikati, zenye ukame ndani yake na njia tofauti za kuhesabu, hazikupi jibu safi hivyo. Vichinjio ni sehemu kubwa ya jibu, si jibu lote.

Sasa, swali ambalo huwa nashindwa kulijibu haraka: mbona ng'ombe tunachinja? Mimi nakula nyama choma. Sitajifanya mtakatifu hapa. Nikisema ni vibaya kuua punda kwa sababu ana macho mazuri, mwenye mbuzi atanicheka na ana haki.

Nimefikiria sana na naona tofauti iko kwenye vitu viwili. Kwanza ni uzazi. Punda hubeba mimba karibu mwaka mzima, anazaa mtoto mmoja, na huyo mtoto anachukua miaka kabla hajazaa. Huwezi kumfuga kama kuku wa nyama. Ndiyo maana biashara hii haijengi mashamba ya punda kwa kiwango inachohitaji. Ni rahisi zaidi kukusanya wale ambao watu wameshawalea. Pili ni kwamba ng'ombe akiuzwa, familia inapata pesa na kazi za nyumbani zinaendelea. Punda akiuzwa, kazi aliyokuwa akifanya haiondoki naye. Inabaki pale pale nyumbani, ikingoja mgongo mwingine.

Wacha nieleze hapa polepole kwa sababu ndipo kiini kilipo.

Nyumbani kwa Susu, Ukambani, maji yanachotwa kwenye mchanga wa mto uliokauka. Kwenda na kurudi ni karibu saa mbili, na foleni juu yake. Punda anabeba mitungi minne ya lita ishirini. Mtu anabeba mmoja, kamba kwenye paji la uso, mtungi mgongoni. Piga hesabu: safari moja ya punda ni safari nne za binadamu. Saa mbili zinakuwa saa nane. Hiyo ni siku nzima ya kazi, na jioni huna hata shilingi mkononi, una maji tu.

Punda wetu alikuwa anaitwa Waziri, kwa sababu hakuwa anaenda popote bila kusukumwa. (Hilo jina ni la Susu, msinitafute.) Aliibwa usiku mmoja wa Agosti pamoja na wawili wa jirani. Asubuhi watoto walikuta mabaki kando ya mto. Vichwa na kwato vilikuwepo, nyama ilikuwa imeachwa kwa mbwa. Ngozi hazikuwepo. Susu alikuwa amemnunua kwa 6,000. Alipouliza bei ya mwingine aliambiwa 15,000, akarudi nyumbani.

Kazi ya Waziri ilichukuliwa na nani? Si mjomba, alikuwa kazini. Si mimi, nilikuwa bweni. Ilichukuliwa na Susu mwenyewe akiwa na miaka sitini na kitu, na binamu yangu wa darasa la saba. Huyo binamu alianza kuchelewa shule, halafu akawa haendi Jumatatu, halafu Alhamisi. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna takwimu ya ajira inayosema msichana fulani ameajiriwa kubeba maji bila mshahara.

Kwa hivyo nikisikia "haki za wanyama dhidi ya haki za watu" naona swali limewekwa vibaya. Kwenye hii kesi, mnyama aliyenyonywa na mtu aliyenyonywa wako kwenye njia moja ya mtoni, mmoja mbele, mwingine nyuma.

Sasa tumsikilize mjomba, kwa sababu mwenye kipaza sauti kule mkutanoni alikuwa anasema jambo la kweli pia, hata kama alilisema kwa kejeli.

Mjomba alikuwa analipwa kwa siku. Hakuwa na mkataba na hakuwa na bima. Kulikuwa na siku anaambiwa punda wamekuwa wachache, rudi kesho, na nauli imeshaenda. Lakini ilikuwa kazi ya kwanza ya kueleweka aliyopata baada ya miaka minne ya mjengo wa hapa na pale. Alilipa karo yangu. Alinunulia Susu mabati. Aliniambia siku moja kwamba mambo mengine ndani hakupenda: punda wanafika wamesafiri mbali bila maji, wengine wameanguka ndani ya lori, na kuna haraka kiasi kwamba hakuna anayejali kama mnyama amezimia kweli kabla ya kisu. Video za siri zilizorushwa mwaka 2019 kutoka vichinjio vya hapa nchini zilionyesha punda wakipigwa ovyo. Tuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, iko kwenye vitabu tangu zamani. Aliyekuwa anapiga alikuwa kibarua kama mjomba, analipwa kwa siku, anasukumwa amalize idadi. Ukimkasirikia yeye peke yake umewakosa waliompa hiyo idadi.

Februari 2020, baada ya malalamiko na maandamano ya wenye punda, Wizara ya Kilimo ikatangaza marufuku. Vichinjio vikapewa muda mfupi kufunga au kubadilisha mnyama. Mwezi uliofuata korona ikaingia. Mjomba akarudi nyumbani bila kitu. Hakuna mtu wa wizara, wala wa mashirika ya kutetea punda, aliyeuliza vibarua wanaenda wapi. Hilo kosa linarudiwa kila mara na ndilo linawapa wanasiasa maneno ya bure. Ukifunga biashara mbaya bila mpango wa wafanyakazi wake, umemkabidhi mpinzani wako hotuba iliyoandikwa tayari.

Mei 2021 Mahakama Kuu kule Naivasha, kwenye kesi iliyoletwa na mwenye kichinjio, ikafuta marufuku hiyo. Watu wengi walikasirikia jaji. Mimi naona tujifunze kitu cha kisiasa hapo: tangazo la waziri ni kitu chepesi. Linaandikwa kwa wiki moja na linaanguka kwa asubuhi moja. Ukitaka kitu kisimame, kipitishe Bungeni, wananchi wakatoe maoni, wenye vichinjio wakasikizwe, hata kama huwapendi. Kifungu cha 10 cha Katiba kinataja ushirikishwaji wa wananchi kwa sababu kama hizi.

Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15. Kila mtu akaandika "imeisha." Haijaisha. Uamuzi wa mkutano wa Umoja wa Afrika hauwi sheria ya Kenya kwa kutangazwa tu. Kifungu cha 2(6) cha Katiba kinazungumzia mikataba iliyoridhiwa, na tamko la wakuu wa nchi si mkataba ulioridhiwa. Lazima kila nchi itunge yake na iitekeleze. Ukisikia mgombea anasema "hilo lilishaamuliwa Addis," muulize mswada uko wapi.

Kuna wale wa "haya ni mambo ya Wazungu." Ni kweli mashirika makubwa ya punda yana makao Uingereza, na ni kweli pia kwamba wanaharakati wengine wa huko hulia zaidi kwa punda wa Lamu kuliko kwa mchuma chai wa Kericho. Hiyo lawama naikubali. Lakini angalia nani alifunga mapema: Niger na Burkina Faso, 2016. Uganda ikafuata. Tanzania, iliyokuwa na vichinjio Dodoma na Shinyanga, ikafunga 2022. Wafugaji wa Sahel hawakungoja barua kutoka London. Waliona punda wao wanaisha.

Halafu kuna hoja ya "mali yangu, nauza nikitaka." Hii naiheshimu kuliko zote. Mtu ana punda mzee, mtoto amefukuzwa shule, kichinjio kinatoa pesa taslimu leo. Wewe uliye Nairobi na maji ya mfereji ni nani umkataze? Jibu langu si zuri sana lakini nitalitoa. Punda akishapata bei ya ngozi, bei hiyo haibaki kwa anayetaka kuuza tu. Inawafuata hata wasiotaka. Waziri hakuwa anauzwa. Alikuwa amefungwa nyuma ya jiko. Soko likishafunguliwa, usiku kuna watu wanaopita kununua bila kulipa, na kichinjio hakina njia ya kujua ngozi ipi ni ya nani, wala faida yoyote ya kuuliza. Pia mara nyingi anayeuza ni baba, na anayebeba maji kesho yake ni mama.

Upande wa pili wa sarafu: ukifunga vichinjio vyenye leseni, wachinjaji wa vichakani hawana leseni ya kunyang'anywa. Daktari wa mifugo hayuko kichakani. Kuna hofu ya nyama kuingizwa buchani kama ya ng'ombe, na kwa Waislamu hilo si suala la ladha, ni haramu. Kwa hivyo anayesema marufuku peke yake itamaliza wizi hajafikiri vizuri. Bila kufuatilia ngozi bandarini na viwanja vya ndege, marufuku inahamisha kisu tu, kutoka kwenye sakafu ya simiti hadi kwenye nyasi.

"Basi tuweke nembo, ngozi safi, punda hawajateswa, wafanyakazi wanalipwa." Nimeona pendekezo hili mara nyingi, na linavutia. Lakini tuangalie bidhaa yetu wenyewe inayobeba nembo. Februari 2023 uchunguzi wa BBC ulionyesha wanawake kwenye mashamba ya chai ya Kericho wakidaiwa ngono na wasimamizi ili wapate kazi. Chai ya mashamba hayo ilikuwa inaenda kwenye maduka makubwa ya Uingereza, ikanywewa na watu waliodhani wanakunywa kitu kisafi. Mkaguzi huja mchana, na taarifa, na fomu. Msimamizi yuko pale kila siku. Sisemi nembo ni bure. Nasema nembo haiwezi kuona kile ambacho mfanyakazi anaogopa kusema, na kama hana chama cha wafanyakazi cha kumlinda, hatasema.

Tena tusijisahau. Sisi wenyewe tunawapakia punda mawe Naivasha, mchele Mwea, mchanga kila mahali, na viboko juu. Nimeona punda mwenye kidonda cha shingo kikubwa kama kiganja anavuta maji ya kuuza, na mimi nikanunua mtungi kwa sababu bei ilikuwa chini shilingi tano. Mimi pia ni mlaji. Sikumuuliza kijana yule chochote.

Kwenye somo la siasa tulisoma Mancur Olson, kitabu cha 1965. Anasema kundi dogo lenye faida kubwa hujipanga haraka, kundi kubwa lililotawanyika hujipanga kwa shida. Vichinjio vinne vina mawakili. Wanawake wa mtoni wako maelfu, kila mmoja na kijiji chake. Lakini kuna kitu nadhani Olson hakukipa uzito wa kutosha: hawa hawakosi tu mpangilio, wanakosa muda. Kikao cha maoni ya wananchi huitwa saa nne asubuhi kaunti. Aliyepoteza punda saa nne yuko safari ya pili ya maji. Kadiri sera inavyomuumiza, ndivyo anavyokosa nafasi ya kuja kusema inamuumiza.

Kwa hivyo mkija kwenye mkutano mwaka huu, hata kama mnampenda mgombea, mimi ningemuuliza hivi. Unaunga mkono sheria ya Bunge au tangazo la wizara? Vibarua wa vichinjio watapata nini, na kutoka bajeti gani? Na kwa nini, miaka yote hii baada ya Kifungu cha 43 kutuahidi maji safi ya kutosha, nyumba bado inategemea punda asiibiwe? Hilo la mwisho ndilo hawapendi. Kupenda ama kuchukia punda ni rahisi kuliko kuchimba kisima.

Kuna mtu aliniuliza mwisho wa Susu na mjomba ukawaje. Wanaongea. Mjomba anaendesha boda sasa, mkopo haujaisha. Mwaka 2022 alimletea Susu punda mwingine, jike. Susu hakumuuliza pesa imetoka wapi. Usiku anamfunga dirishani kwake na kamba inapita ndani, mwisho wake umezungushwa mguu wa kitanda. Binamu alirudia darasa na yuko kidato cha tatu.